Kilo za Nini? Chakula, Mazoezi na Uzito wa Mwanamke Aliyekoma Hedhi

Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi pale inapotimia miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, ilhali hana mimba, hanyonyeshi, wala hana ugonjwa au dawa inayoweza kuizuia hedhi. Na kwa wengi jambo hilo hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Katika umri huohuo ndipo wengi hugundua kwamba nguo zimeanza kubana kiunoni ingawa chakula sahanini hakijaongezeka, na kwamba njia waliyoitumia wakiwa na miaka 30, ya kuacha chakula cha usiku kwa wiki mbili na kurudi katika uzito wa zamani, haileti tena matokeo yaleyale. Ushauri wanaopewa mara nyingi huishia kwenye mizani: kilo ngapi ziondoke, na kwa muda gani. Makala haya yanashikilia kwamba kwa mwanamke wa umri huu hilo ni swali la pili, kwa kuwa mwili unaopungua hauondoi mafuta peke yake, huondoa pia misuli na hata mfupa, na vitu hivyo viwili ni vigumu kuvirudisha baada ya ukomo wa hedhi. Linalotangulia, basi, ni kujua kilo zinazoondoka ni kilo za nini.

Mabadiliko yanayoonekana kiunoni yana vyanzo viwili vinavyokutana wakati mmoja. Cha kwanza ni umri wenyewe, kwani misuli ya mtu asiyeipa kazi nzito hupungua kidogo kidogo kila mwaka tangu ujana unapopita, na misuli hutumia chakula kuliko mafuta hata mtu akiwa amekaa. Cha pili ni kushuka kwa estrojeni, ambayo ni homoni kuu ya kike, na homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi za mwili kisha ikasafirishwa na damu kwenda kuamuru kazi za viungo vingine. Estrojeni ikiwa nyingi, mafuta ya akiba huwekwa zaidi mapajani na makalioni. Ikishuka, ghala huhamia tumboni. Uchunguzi mkubwa wa Marekani ujulikanao kwa kifupi kama SWAN, ulioanza mwaka 1996 na kuwafuata wanawake wale wale kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba katika kipindi cha mpito, yaani kuanzia takriban miaka 2 kabla ya hedhi ya mwisho hadi miaka 2 baada yake, kasi ya kuongezeka kwa mafuta hupanda maradufu na wakati huohuo misuli huanza kupungua, kisha hali hiyo hutulia. Mizani haiwezi kuliona jambo hili lote, kwa sababu mafuta yanayoingia na misuli inayotoka hufidiana kwa sehemu, na mwanamke anaweza kuambiwa kwamba ameongezeka kilo 2 tu hali mwili wake umebadilika zaidi ya hapo.

Imani iliyoenea kwamba baada ya hedhi kukoma mwili hulala na kuacha kuunguza chakula haina msingi imara. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, vilivyochambuliwa na Herman Pontzer na wenzake, vikaonyesha kwamba ukubwa wa mwili na wingi wa misuli ukishazingatiwa, nishati anayotumia mtu kwa siku haibadiliki sana tangu umri wa miaka 20 hadi 60, kwa wanawake na kwa wanaume, na ni baada ya hapo ndipo huanza kushuka kwa takriban 0.7% kila mwaka. Habari hii inapaswa kumfariji mwanamke aliyekwisha kukata tamaa, kwani inamwonyesha kwamba mwili wake ungali unaitikia chakula na kazi kama ulivyoitikia zamani, isipokuwa misuli imepungua, na misuli inaweza kujengwa.

Mtafiti huyohuyo alikuwa amechapisha mwaka 2012, pamoja na wenzake, vipimo vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, watu wanaowinda, wanaochimba mizizi na kurina asali, na ambao hutembea kila siku mwendo mrefu kuliko mkazi wa kawaida wa mjini. Ilitarajiwa kwamba wangekutwa wakitumia nishati nyingi kupita watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini, lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa tofauti haikuonekana. Mwili uliozoea kazi nyingi, kwa maelezo ya watafiti hao, hubana matumizi mahali pengine ili jumla isipande sana. Tafsiri ya matokeo hayo kwa mwanamke wa Temeke au wa Kisumu anayetaka kupungua ni kwamba saa moja ya kutembea kila asubuhi, kama sahani itabaki ilivyo, itampa moyo wenye nguvu na usingizi mzuri, lakini itamwondolea kilo chache kuliko anavyoahidiwa.

Ushahidi wa moja kwa moja kuhusu wanawake wa umri huu ulipatikana Seattle, nchini Marekani, ambako wanawake 439 waliokoma hedhi, wenye umri wa miaka 50 hadi 75 na uzito uliozidi, waligawanywa katika makundi manne kwa muda wa mwaka mmoja. Waliofanya mazoezi pekee, dakika 45 kwa siku 5 za wiki, walipungua wastani wa 2.4% ya uzito wao. Waliopunguza chakula pekee walipungua 8.5%, waliounganisha yote mawili walipungua 10.8%, na wale ambao hawakubadilisha chochote hawakufikia hata 1%. Kwa hiyo chakula ndicho kinachoamua ukubwa wa upungufu. Mtu angeweza kusema basi, mazoezi ya nini? Jibu ni kwamba mazoezi huilinda misuli wakati kilo zinaondoka, na haja ya ulinzi huo inaonekana katika utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ambao uliwafuata wanawake waliokoma hedhi wakati wa kupungua na baada yake. Kwa kila kilo 1 ya mafuta iliyoondoka, ziliondoka pia takriban gramu 260 za nyama ya mwili isiyo mafuta, misuli ikiwa miongoni mwake; na kwa wale ambao uzito uliwarudia, kila kilo 1 ya mafuta iliyorudi ilirudi na takriban gramu 120 tu za nyama hiyo. Mwanamke anayepungua kilo 10 na kuzirudisha kilo 10 hajarudi alikokuwa, kwa kuwa amebadilisha misuli kwa mafuta, na akirudia mzunguko huo mara tatu au nne anaweza kufika miaka 65 akiwa na uzito uleule wa mwanzo na miguu isiyoweza kumwinua kwenye kigoda. Ndiyo sababu mfungo mkali wa wiki mbili kabla ya harusi, unaosifiwa sana katika makundi ya WhatsApp, unamdhuru mwanamke wa umri huu kuliko unavyomdhuru binti yake.

Kabla ya kuanza ni vyema mwanamke ajipime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, akiwa amesimama wima, tumbo likiwa wazi, utepe ukipita katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, na kipimo kikasomwa baada ya kutoa pumzi kwa kawaida bila kulivuta tumbo ndani. Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani huhesabu kiuno kilichozidi sentimita 80 kuwa dalili ya hatari iliyoongezeka, na kilichozidi sentimita 88 kuwa dalili ya hatari kubwa, kwa kuwa mafuta ya ndani yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Tena baada ya ovari kupumzika, mafuta ya mwili huwa ndiyo kiwanda kikuu kilichobaki cha estrojeni, na wingi wake ni moja ya sababu zinazowafanya wanawake wanene waliokoma hedhi wapate zaidi saratani ya matiti na ya mji wa mimba. Kupungua 5% hadi 10% ya uzito wa mwanzo, ambayo kwa mwanamke wa kilo 84 ni kilo 4 hadi 8, kunatosha kushusha sukari na shinikizo la damu kwa kiasi cha maana, na si lazima kurudia umbo la usichana.

Suala hili lina upande wa kijamii ambao vitabu vya lishe vilivyoandikwa kwingine haviugusi. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba 38.5% ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopindukia, dhidi ya 17.5% ya wanaume. Hata hivyo unene wa mama mtu mzima, bara na pwani, umechukuliwa kwa muda mrefu kuwa ishara ya kutunzwa na kushiba, na tangu UKIMWI ulipoenea, mtu anayepungua huulizwa kwa minong'ono anaumwa nini. Mwanamke anayetaka kupungua hufanya vizuri kuwaeleza mapema watu wa nyumbani, mashoga zake na wenzake wa kikoba kwamba amekusudia, na kwa sababu gani za kiafya, kwani maneno ya pole anayoambiwa kila siku yanaweza kumrudisha kwenye sahani ya zamani kwa haraka kuliko njaa yenyewe.

Kuhusu kiasi cha kupunguza, kipimo salama kwa wengi ni takriban kalori 500 kwa siku chini ya kile mtu anachokula sasa, kalori ikiwa ni kipimo cha nishati iliyomo katika chakula, na matokeo yake huwa upungufu wa karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni na pungufu ya hapo baadaye. Kalori hizo 500 hazihitaji vyakula vya kuagiza kutoka ng'ambo. Katika jikoni nyingi za Afrika Mashariki zimejificha mahali pawili, kwenye mafuta ya kupikia na kwenye sukari, na ni bora mwanamke aanzie hapo kabla ya kugusa chakula chenyewe. Lita 1 ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu 4 inayomaliza lita hiyo kwa wiki moja humlisha kila mtu karibu kalori 300 za mafuta kwa siku, bila kuhesabu nyama wala nazi, na ikiwa lita ileile itadumu wiki mbili, kila mmoja atakuwa amepunguza karibu 150 bila kuondoka mezani na njaa. Njia ya kufika huko ni kupima kwa kijiko na kuacha kumimina kutoka kwenye dumu, kwani kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Vitunguu na nyanya huweza kuivishwa kwa kijiko kimoja na maji kidogo, na mchicha au sukuma wiki hauhitaji kuogelea. Kwa upande wa sukari, vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vidogo vitatu kila kimoja ni gramu 36, sawa na kalori 145 hivi, na soda moja ya mililita 300 huongeza gramu 30 nyingine au zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, yaani karibu gramu 25. Ulimi huzoea: kijiko kimoja kikipunguzwa kila baada ya wiki mbili, kwa kawaida mnywaji haoni tofauti kubwa.

Nazi inastahili kutajwa peke yake, maana pwani hakuna ushauri wa lishe utakaofuatwa ikiwa unaanza kwa kuipiga marufuku. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, ndiyo yenye mafuta mengi. Mpishi anayepikia wali kwa tui la pili au la tatu, na kuiweka kasimile kidogo mwishoni kwenye samaki au kisamvu ili ladha isikike, hupata harufu na utamu kwa sehemu ndogo ya mafuta. Mandazi, vitumbua, sambusa na chapati za asubuhi ni jambo jingine, kwa sababu hukusanya unga mweupe, mafuta na mara nyingi sukari katika tonge moja, na kwa mwanamke anayepunguza uzito ni bora viwe vya siku maalumu, kifungua kinywa chake kikawa yai, kiazi kitamu cha kuchemsha au muhogo, maharage yaliyobaki jana, au uji usio na sukari nyingi pamoja na mtindi.

Ugali na wali havina kosa, tatizo ni nafasi vinayopewa. Katika sahani nyingi ugali ni mlima na mboga ni kitoweo cha kusindikizia tonge, na mabadiliko yanayofaa ni kuugeuza uwiano huo: nusu ya sahani iwe mboga za majani na mboga nyingine, robo iwe ya samaki, nyama, mayai, maharage, kunde au choroko, na robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au magimbi. Dona, kwa kuwa haijakobolewa, ina nyuzinyuzi ambazo hazisagiki tumboni na hukaa muda mrefu, hivyo hushibisha kuliko sembe. Wanaokula sinia moja hukutana na ugumu wa pekee, kwa sababu hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Njia ya heshima ni mwanamke kujipakulia sehemu yake pembeni kwa mwezi wa kwanza, mpaka mkono ujifunze kipimo, kisha arudi siniani.

Robo ile ya vyakula vya protini ndiyo isiyopaswa kupunguzwa hata kidogo, kwa sababu protini ndiyo malighafi ya misuli, na mtu anayekula kalori chache huhitaji sehemu kubwa zaidi ya chakula chake iwe protini. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mwanamke mnene anaweza kuhesabu kwa uzito anaoulenga, hivyo anayelenga kilo 70 atafute gramu 70 hadi 84, zigawanywe katika milo yote, wala zisisubiri nyama ya jioni. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 au zaidi. Dagaa wakavu wanapaswa kupewa heshima kubwa kuliko wanayopewa, kwani ni protini ya bei ndogo na, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, huleta kalsiamu, madini yanayoimarisha mfupa, ambayo mwanamke aliyepita miaka 50 anashauriwa kuipata kwa kiasi cha miligramu 1,200 kwa siku. Waoshwe vizuri kwa maji ya moto ili kupunguza chumvi na mchanga, kisha wapikwe kwa nyanya bila kukaangwa katika mafuta mengi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Katika utafiti wa Seattle uliokwisha kutajwa, tabia tatu zilitofautisha waliopungua sana na waliopungua kidogo. Walioandika kila walichokula walipungua zaidi. Walioruka milo walipungua kidogo. Na waliokula chakula cha mchana nje ya nyumbani angalau mara moja kwa wiki pia walipungua kidogo. Daftari la shule linatosha, na faida yake si hesabu kamili ya kalori, ni kuviona vipande vya mihogo ya kukaanga na karanga za kuonja ambavyo kumbukumbu huvisahau. Harusini na msibani, ambako kukataa chakula ni kumkataa mwenyeji, njia inayowezekana ni kuanza na mboga na nyama, kuchukua pilau kidogo na kula polepole, kwani mhudumu huongeza sahani iliyo tupu. Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani unaweza kusaidia au kuharibu: anayefuturu kwa tende, maji na uji au supu, akasali, kisha akala mlo mmoja wa kawaida, hupungua; anayezunguka usiku kucha kati ya kalmati, tambi za sukari, sambusa na viazi vya nazi humaliza mwezi akiwa ameongezeka.

Mazoezi, kama ilivyokwisha kusemwa, ndiyo yanayoamua kitakachoondoka na kitakachobaki, na hapa ushauri wa kawaida wa kutembea tu hautoshi. Kutembea ni msingi mzuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, kwa maana ya mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na vikundi vya jogging vya asubuhi za mwisho wa wiki jijini Dar es Salaam vimewatoa nje wanawake wengi ambao wasingetoka peke yao, ingawa mgeni mwenye magoti mabovu achague kutembea nyuma ya kundi bila kuona haya. Lakini shirika hilohilo linataka pia siku 2 au zaidi za mazoezi ya nguvu, yaani yale yanayoulazimisha msuli ushindane na uzito, na sehemu hii ndiyo inayoachwa na wanawake wengi kwa hofu ya kuonekana kama wanaume. Hofu hiyo haina sababu, kwa kuwa mwanamke aliyekoma hedhi hana homoni za kumjaza misuli kwa bahati mbaya. Kazi yake ya kwanza ni kuizuia ile aliyo nayo isiondoke. Mfupa nao hufuata msuli: katika miaka 5 hadi 7 baada ya hedhi kukoma mwanamke anaweza kupoteza hadi 20% ya uzito wa mifupa yake, na utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha wanawake 101 wenye mifupa iliyopungua, ulionyesha kwamba waliobeba vyuma vizito mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, chini ya uangalizi wa mtaalamu, waliongeza msongamano wa mifupa ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno kwa takriban 3% katika miezi 8, wakati wenzao wa kundi la kulinganisha waliendelea kuupoteza.

Vyuma si lazima vipatikane. Maji yana faida kwamba lita 1 ni kilo 1, hivyo dumu la lita 5 lenye kipini ni kifaa cha mazoezi ambacho uzito wake hupangwa kwa kumimina. Mwanamke anaweza kuanza kwa kukaa kwenye kiti imara kisha kusimama bila kujisukuma kwa mikono, mara 8 hadi 12. Kuusukuma ukuta kwa viganja akiwa ameuinamia, mara kama hizo. Kuinama kidogo mgongo ukiwa umenyooka na kulivuta dumu kutoka usawa wa goti hadi ubavuni, kila mkono kwa zamu yake. Kunyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu akiwa ameshika meza. Na mwisho kutembea uani akiwa na dumu kila mkono. Mzunguko huo urudiwe mara 2 au 3, siku 2 au 3 za wiki zenye pumziko katikati. Siri yake yote iko katika kuongeza, maana msuli hujengwa na uzito unaouelemea, na mwanamke anayebeba lita 2 zilezile mwaka mzima hatajenga kitu. Pale mara 12 zinapokuwa rahisi, nusu lita iongezwe. Wanaojibu kwamba kazi za nyumbani zinatosha wana haki kwa sehemu, kwani bibi aliyetwanga kinuni, akachota maji na kulima kwa jembe alikuwa na mazoezi ya nguvu kuliko chumba chochote cha vyuma, lakini kwa wengi siku hizi unga hutoka mashineni na maji bombani, na kufagia na kuosha vyombo havifikii uzito ule.

Kuna kizuizi kimoja ambacho wanawake hukinyamazia hata mbele ya daktari, nacho ni kuvuja mkojo wakati wa kukohoa, kuruka au kunyanyua mzigo, tatizo linaloongezeka baada ya uzazi mwingi na estrojeni kushuka. Wengi huacha mazoezi kwa ajili yake bila kusema sababu, nao hustahili kujua kwamba ni tatizo la kawaida lenye matibabu. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobanwa mtu anapojizuia kutoa hewa chafu, huimarishwa kwa kuibana kwa sekunde chache na kuilegeza, mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku, kwa miezi 3 kabla ya kutoa hukumu. Na kupungua uzito kwenyewe hupunguza uvujaji. Mwenye maumivu ya magoti naye asikae, aanze kwa mwendo mfupi kwenye ardhi tambarare na zoezi la kiti lenye kiti kirefu, kwani paja lenye nguvu ndilo linalolipunguzia goti mzigo.

Usingizi unaokatizwa na vipindi vya joto la ghafla huchochea hamu ya vitu vitamu siku inayofuata, na mwanamke anayeamka usiku akiwa ameloa jasho mara kwa mara anapaswa kumweleza daktari, kwa maana zipo tiba, zikiwemo za homoni kwa wasio na vizuizi, ingawa tiba ya homoni haitolewi kwa ajili ya kupunguza uzito.

Dawa zinazouzwa mitandaoni na sokoni kwa jina la kukata tumbo zinahitaji maneno makali. Sanamaki na chai nyingi zinazouzwa kwa jina la kupunguza tumbo hufanya kazi kwa kuharisha. Nazo hufanya hivyo kwenye utumbo mpana, baada ya chakula kuwa kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, hivyo kinachoondoka ni maji na madini ambayo moyo unayahitaji, na kilo hurudi na glasi za maji. Vidonge visivyo na maelezo ya kueleweka ni hatari zaidi, kwa sababu mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba dawa iitwayo sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Sindano mpya za kupunguza hamu ya kula, kama semaglutidi, zina ushahidi wa kweli, lakini ni za kuandikiwa na daktari, na kwa kuwa hupunguza uzito kwa kasi, haja ya protini na mazoezi ya nguvu kwa anayezitumia huzidi.

Mwanamke anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, au dawa za shinikizo la damu, amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa kuwa dozi iliyofaa sahani ya zamani inaweza kuishusha sukari au shinikizo kupita kiasi. Anayepungua bila kukusudia asisherehekee, apimwe. Na damu yoyote inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone, hata ikija mara moja, si hedhi iliyorudi, wala haipaswi kusubiriwa ikatike. Ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo, kwani inaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani ya mji wa mimba, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika.

Baada ya miezi 6 hivi mizani kwa kawaida husimama, kwa kuwa mwili mdogo huhitaji chakula kidogo na upungufu wa kalori uliokuwepo umekwisha kujifuta. Hapo ndipo wengi huacha, wakidhani wameshindwa, hali kazi iliyobaki imebadilika tu jina: sasa ni kukaa palepale. Mwanamke ajipime kiuno mara moja kwa mwezi, uzito mara moja kwa wiki, na kila baada ya miezi 3 ahesabu ni mara ngapi anaweza kusimama na kukaa kitini katika sekunde 30, kipimo ambacho humwonyesha hali ya misuli yake kuliko mizani. Mjini Pittsburgh, Marekani, wanawake 535 waliokuwa wakikaribia ukomo wa hedhi walifuatwa kwa miaka 4 na nusu, nusu yao wakifundishwa kula kwa kiasi na kujishughulisha zaidi. Mwishoni, 55% ya waliofundishwa walikuwa na uzito uleule wa mwanzo au chini yake, wakati kwa wenzao walikuwa 26%. Hao 55% hawakuhitaji kukonda kiasi cha kutazamwa mtaani. Walikuwa wamepita miaka hiyo, ambayo kwa kawaida mwili huongezeka, wakiwa na nguo zao zilezile.